Ghala la Hapana

Wapo waliokwenda Ithibati wakarudi na joho, wapo waliorudi bila joho wakasingizia baridi, na wapo ambao walikaa ghalani hadi wakasahaulika. Nyamizi Kasanda wa Urambo alikwenda na akarudi. Haya yanayosimuliwa ndiyo aliyoyaona, yamepunguzwa kidogo ili yaaminike.

Namna alivyofika si habari. Kila msafiri hupanga foleni, hukaguliwa mizigo, hufika. Habari ni alichokifuata. Kwao Urambo, mahindi yakishavunwa na kutiwa kihengeni, huja mdudu aitwaye dumuzi, mdogo kama chembe ya mtama, akaanza kutoboa bila kuomba ruhusa, na ikifika Januari watu hufungua kihenge wakakuta unga na maganda. Nyamizi alikuwa na miaka kumi na mmoja walipokifungua cha kwao. Alimwona mama yake, Bi Kalunde, akikaa chini palepale asiseme neno hadi jua likaondoka uani. Basi akaamua kusomea wadudu. Akamaliza shahada ya kwanza, akamaliza ya pili, na kwa kuwa dumuzi alikuwa hajamaliza, akaenda Ithibati kutafuta ile ya udaktari, ambayo usipokuwa nayo hakuna ofisi itakayokusikiliza ukisema habari za mdudu.

Ithibati ni nchi safi, ya watu wapole. Wanaupenda ukweli kuliko watu wote wanaojulikana, na kwa kuupenda huko wameuwekea walinzi wengi mno, hata kuonana nao kunahitaji barua. Sheria yao ya kwanza inasema kwamba mtu haruhusiwi kutamka jambo kabla hajataja watu watatu waliolitamka kabla yake. Nyamizi alikutana na sheria hiyo siku ileile ya kwanza, kwenye ofisi ya vibali, mbele ya Bwana Muhula, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili, moja ya kuandika na moja ya kufuta.

"Mvua inanyesha," Nyamizi alisema akijipangusa uso, kwa kutaka tu kuwa na adabu.

"Nani amesema?"

"Mimi. Nimelowa."

"Kulowa ni hali ya mtu binafsi," akasema Muhula, wala hakusema kwa ubaya. Alifungua kitabu kinene, akapekua, akakuta mabwana watatu walioandika kwamba mvua hunyesha katika mtaa ule, ingawa mmoja alikuwa amefariki na mwingine aliandika akiwa mji mwingine. Akaridhika. Akamkabidhi Nyamizi kadi ya miaka minne. "Ukipata joho, kadi inaendelea. Usipolipata, siku ya mwisho ya mwaka wa nne, saa sita kamili mchana, wewe utakuwa mtu ambaye hatukuwahi kumwona."

Sheria ya pili ndiyo yenye kisa. Joho hupewa mtu aliyeuliza swali na akalijibu, lakini jibu sharti liwe Ndiyo. Ukiuliza kama dawa fulani inatibu, ikatibu, unavikwa joho na kupigiwa makofi. Isipotibu, hesabu yao ni kwamba hukujibu kitu, ulipotea njia tu. Hapana haichapishwi, haisomwi mbele za watu, wala haitajwi mezani pakiwa na wageni. Hupelekwa kwenye ghala lililo nje kidogo ya mji, na ghala hilo kisheria halipo. Nyamizi alipoelezwa hayo alidhani ni utani ambao wenyeji huwafanyia wageni, akacheka. Wenzake waliomweleza hawakucheka.

Msimamizi wa mwanafunzi huko huitwa mlezi. Wake alikuwa Mlezi Tanbihi, mzee wa karibu miaka sitini, mwenye sauti ya chini na joho la kijani lililochakaa mabegani. Alikuwa mtu maarufu. Katika ujana wake aliuliza kama jani la mti wa kwao uitwao msindi linamzuia dumuzi, akajibu Ndiyo, na tangu hapo msindi ulipandwa kwenye kila bustani, ukachorwa kwenye stempu, na majani yake makavu yakauzwa nchi za mbali yakiwa kwenye vifuko. Nyamizi alikumbuka kuwahi kuona kimoja katika duka la Urambo. Muuza duka alikitumia kuegemezea mayai.

"Swali lako," Tanbihi alimwambia siku ya kwanza, "ni kama jani la msindi linamzuia dumuzi."

"Mzee, si lilishajibiwa? Na wewe mwenyewe?"

"Lilijibiwa." Akamsogezea daftari tupu. "Wewe lijibu vizuri."

Basi akaanza. Alipanga chupa mia sita kwenye rafu, mia tatu zina mahindi na majani ya msindi, mia tatu zina mahindi matupu, na katika kila chupa akatia dumuzi hamsini aliowahesabu mmoja mmoja. Alijifunza kula mkate mkavu bila kununa. Alijifunza kusema "kama walivyosema" kabla ya kuomba chumvi. Kila Jumapili alimpigia mama yake simu akamwambia yuko karibu kumaliza. Mwaka wa tatu Bi Kalunde aliacha kumuuliza anamaliza lini, akawa anamuuliza tu kama anakula.

Dumuzi, kwa upande wao, walifanya kazi bila likizo. Walikula mahindi yasiyo na jani. Walikula mahindi yenye jani. Katika chupa kadhaa walianza na jani. Nyamizi alikwenda kwa mlezi wake na daftari mkononi.

"Halimzuii, mzee."

"Rudia."

Akarudia, miezi saba. "Halimzuii."

"Katika hizo mia tatu zenye jani, hazipo hata ishirini zilizokubali?"

"Zipo kumi na tisa. Dumuzi wake walikufa siku ya kwanza. Nadhani walikuja wakiwa wagonjwa."

Tanbihi alikuwa anachonga kalamu ya risasi, akaendelea kuichonga. "Wengine wangeanzia hapo kwenye kumi na tisa. Wangesema zilizobaki ziliingia unyevu."

"Nami nikisema hivyo, mzee utasema nini?"

"Nitatia sahihi. Nimeshawatilia wengi."

Nyamizi alitoka pale amekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana kadi ilikuwa imebakiza siku kumi na nne. Alijua kitakachofuata. Angeshuka Tabora mikono mitupu. Mama angemkumbatia na kusema si kitu, na dumuzi wangeendelea kula, na ofisi zote zingeendelea kumwambia aje mtu mwenye udaktari.

Sheria inataka mwenye Hapana aipeleke ghalani mwenyewe. Alikwenda asubuhi. Mlangoni alimkuta mtu wa makamo mwenye ufagio, aliyemtazama usoni kwanza kisha akaongea kwa Kiswahili.

"Wa Tabora wewe."

"Urambo. Umejuaje?"

"Nimeliona jina lako kwenye orodha ya wanaochelewa. Mimi Haule, wa Songea. Karibu dada. Chai ipo. Kiti hakipo, maana hata ghala lenyewe halipo."

Ndani kulikuwa na rafu zilizopotelea gizani. Haule alimtembeza. Rafu hii, dawa zisizotibu. Ile, mbegu zisizoota. Pale, madaraja yaliyopigiwa hesabu yakakataa kubeba uzito. Nyamizi aliona swali moja limeulizwa mara arobaini na watu arobaini, kila mmoja akiwa hajui habari za mwenzake, na kila mmoja akipoteza miaka minne ileile.

"Wanauliza, wanazika, wanasahau," Haule alisema. "Kisha wanampa mgeni aulize tena. Elimu yao yote iko humu, dada. Kule mjini wametunza sifa."

Walifika kwenye rafu ya msindi. Kulikuwa na madaftari kumi na mawili.

"La saba ni langu," akasema Haule. "Nilisimama mbele ya Baraza lao linalotoa majoho nikasema Hapana. Wakanisikiliza vizuri sana, wakanipa biskuti, wakaninyima joho. Kadi ikaisha. Nikaingia humu, na Muhula hawezi kunifukuza mahali pasipokuwepo. Mwaka wa tisa huu."

"Na nyumbani?"

"Siku naondoka walichinja ng'ombe. Nirudi niwaambie wamemlia nini?" Alifuta vumbi kwenye daftari lake kwa kiganja. "Nisikilize mimi. Andika Ndiyo, uvae nguo yao, uende zako. Mimi nilikuwa na kiburi nikakiita uaminifu. Ona kilichonipata."

Aliyesema hivyo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Nyamizi. Alilivuta daftari la kwanza kabisa, lililokauka pembe, akalifungua, na mwandiko akaujua papo hapo. Ulikuwa umemsahihisha pembezoni mwa karatasi zake kwa miaka minne. Tarehe ilikuwa ya miaka thelathini na mmoja nyuma. Ukurasa wa mwisho uliandikwa hivi: *Halimzuii. Nimerudia mara nne. Halimzuii.* Na chini yake, kwa wino mwingine: *Nimebakiza siku kumi na moja.*

Kumbe wenyeji nao huhesabiwa siku. Nyamizi alilirudisha daftari mahali pake, akanywa chai ya Haule akiwa amesimama, akarudi mjini na lake bado mkononi.

Siku tatu alikaa mezani na fomu ya jibu. Asidanganywe mtu kwamba hakutamani. Siku ya pili aliandika Ndiyo kwa kalamu ya risasi, akaliangalia. Lilikuwa neno dogo lisilo na kelele, na lingetosha. Kisha akafikiria vifuko vitakavyouzwa Urambo vikiwa na jina lake, na mama mmoja asiyemjua akitia majani kihengeni, akifunika, akilala usingizi kwa kuamini. Akalifuta. Akaandika Hapana kwa wino, akalia kidogo, akalala.

Kabla ya kwenda Barazani alipita kwa mlezi wake, maana mtu hashitaki mzee wake barazani kabla hajamfikia nyumbani.

"Nimeliona daftari la kwanza, mzee."

Tanbihi alikaa. "Unalo?"

"Nimeliacha palepale. Si langu. Mimi nitasoma la kwangu tu."

"Watakurudisha kwenu."

"Najua."

Nyamizi akashika kitasa cha mlango. "Kuna kifungu cha kumi na nne," Tanbihi akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Hakijawahi kutumika. Waulizie."

Baraza la Majoho lilikaa siku ya mwisho ya kadi, saa mbili asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Bibi Faharasa, mama mnene mwenye heshima zake, aliyejua kila jambo liko ukurasa gani na alikuwa amesoma machache kati ya hayo. Nyamizi alisimama akasoma Hapana yake yote, chupa kwa chupa. Walimsikiliza vizuri sana. Biskuti zikapitishwa.

"Binti," akasema Bibi Faharasa, "kazi yako ni nzuri, chupa zimepangwa vizuri. Kwa bahati mbaya hukupata kitu."

"Bibi, naomba kifungu cha kumi na nne."

Karatasi zilipekuliwa kwa muda mrefu. Hatimaye Faharasa akakisoma kwa mashaka, kama mtu anayesoma barua ya jirani. Kilisema kwamba Hapana itapokelewa na mwenye nayo kuvikwa joho ikiwa mwenye joho mmoja atashuhudia kuwa ameiona Hapana hiyohiyo kwa macho yake. Na kwamba shahidi, ikiwa joho lake lilitokana na Ndiyo ya jambo lilelile, atalivua.

Baadhi yao walitabasamu. Kifungu kilikuwa kimetungwa na watu werevu. Mwenye joho alilipata kwa Ndiyo. Angekuwa ameiona Hapana wapi?

"Yupo shahidi?" Faharasa akauliza kwa kutimiza utaratibu. Akauliza mara ya pili. Nyamizi alitazama sakafu. Alikwisha kukubali moyoni, akawa anapanga namna ya kufunga begi.

"Yupo," akasema Tanbihi.

Alikuwa amesimama safu ya nyuma, na mkono wake mmoja ulishatoka kwenye joho.

Hapo pakazuka mjadala ambao Ithibati wanautaja hadi leo. Mjumbe mmoja alisema shahidi akishavua joho si mwenye joho tena, kwa hiyo ushahidi wake haufai. Mwingine akasema asipolivua, anashuhudia akiwa amevaa asichostahili, kwa hiyo ushahidi wake haufai zaidi. Watu watatu walitajwa kila upande. Saa mbili nzima zilipita, chai ikaletwa, saa ya ukutani ikasogea kuelekea saa sita, na mzee Tanbihi muda wote huo amesimama mkono mmoja ndani na mmoja nje. Mwishowe Bibi Faharasa aliamua kwamba hivyo hivyo alivyo ndivyo sheria inavyomtaka, na ashuhudie haraka.

"Nilikuwa na miaka ishirini na minane," Tanbihi alisema. "Nilirudia mara nne. Halimzuii. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na moja, nikaandika Ndiyo. Tangu hapo kila mwanafunzi wangu nampa swali hili, nikitumaini atakuja mmoja aseme nililoshindwa kusema. Walikuja. Haule alisimama hapohapo anaposimama binti huyu, na mimi nilikaa kiti kile nikaangalia viatu vyangu."

Akautoa mkono wa pili. Chini ya joho alikuwa na sweta lililotoboka viwiko. Alilikunja joho, akaliweka juu ya meza ya Faharasa, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa hiyo wakapiga kura.

Hapana ilipokelewa saa tano na dakika thelathini na tano. Kwa kuwa sheria haibagui, yale madaftari mengine kumi na moja ya rafu ya msindi, ukiacha la shahidi mwenyewe, yalipokelewa nayo, na karani akatumwa mbio ghalani. Wanasema Haule alipoambiwa aliuliza mara tatu, si kwa sababu ya sheria ya nchi, bali hakuamini masikio yake. Kisha akaketi kwenye ngazi akalia mbele ya karani, wala hakujificha.

Nyamizi alikimbia hadi kwa Bwana Muhula, joho limekunjwa kwapani, kulivaa angelivaa saa ngapi.

"Nani amesema una joho?"

"Baraza zima."

"Hao wanazidi watatu," akasema Muhula, akagonga muhuri, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akatabasamu. Saa ilikuwa imebakiza dakika tisa. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na Nyamizi akasimama katikati yake kwa raha zake. Alimpigia mama simu siku isiyo Jumapili. Bi Kalunde alipopokea hakuuliza kitu. Alisikia anavyohema, akapiga kigelegele kimoja kirefu hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Siku mbili kabla ya kuondoka, Nyamizi alikuwa akiwamwaga dumuzi wake wa mwisho kwenye maji ya moto pale mlango ulipobishwa. Alikuwa Tanbihi na sweta lake, na fomu mkononi. Sheria ya Ithibati ni kwamba asiye na joho sharti awe na mlezi mwenye joho, la sivyo haruhusiwi hata kuingia maktaba. Alikuwa amemchagua Nyamizi.

"Mzee, mimi naondoka keshokutwa."

"Fomu inaruhusu barua." Alijiegemeza mlangoni. Alikuwa amenyoa ndevu, na Nyamizi aliona kwamba alikuwa kijana kuliko alivyomdhania. "Tatizo ni hapa panapotaka swali. Nimekaa tangu jana sijaandika. Miaka thelathini na mmoja nimeuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Nimesahau mtu anaulizaje."

"Andika usilolijua."

Mzee aliitazama ile karatasi. Akaitazama rafu, zile chupa mia sita zilizooshwa na kupinduliwa. Kisha akauliza, polepole, kama anayejaribu mguu uliovunjika:

"Huko kwenu, hivi sasa, watu wanayahifadhije mahindi?"

Nyamizi aliweka chini chupa aliyokuwa nayo. Alikuwa ameishi Ithibati miaka minne, amehojiwa na walezi, makarani na mabaraza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza hilo. Akamvutia mzee kiti, akakaa naye karibu na dirisha.

"Nyumba saba za kwanza za kwetu nazijua," akasema. "Zilizobaki itabidi tukaulize. Andika."